Homa ya Vidonge na Suruali ya Khaki

Alhamisi, 1 Februari 1968

Baraza kwa naibu chifu asubuhi. Nilikwenda kwa sababu Mwanatumu alitaka nimtengenezee banda la kuku, na baraza ni wito wa serikali. Mke hawezi kushindana na wito wa serikali.

Mgeni alikuwa Bwana Afya kutoka Kwale, jina lake Sefu. Khaki imepigwa pasi mpaka ina makali. Baiskeli nyeusi, karia nyuma, taa mbele. Akaeleza habari za matende na mabusha. Kumbe ni mbu. Mbu anatia vijidudu, vinakuwa minyoo myembamba kama uzi, inakaa mwilini miaka. Sisi hapa tumekuwa tukilaumu madafu tangu enzi za babu! Serikali imeleta vidonge, na watameza watu wote kwa pamoja, wazima na wagonjwa. Haitaki kuleta wageni wa kugawa. Wananchi wachague wenyewe watu wawili, mmoja wa mtaa wa Juu, mmoja wa mtaa wa Chini. Atakayefanya kazi vizuri ataajiriwa awe mgawaji wa lokesheni nzima. Atapewa khaki na baiskeli.

Niliposikia baiskeli nikasimama. Nikawakumbusha kuwa nilikuwa karani wa mizani miaka saba katika shamba la miwa, na daftari nalijua. (Sikusema kazi ile iliishaje.) Ningekaa hapo ingetosha. Lakini ulimi ukanoga. Nikaongeza kwamba katika ukoo wa Ngala hajapata kutokea mtu mwenye uvimbe wa namna hiyo, kwa hiyo mimi nakuja kuwahudumia wenzangu, si kujihudumia.

Watu wakageuza macho. Nikatazama mbele. Shangazi Jumwa, dada yake marehemu baba, amekaa mstari wa kwanza, na mguu wake wa tende umepumzika juu ya kigoda. Niliusahau kabisa ule mguu. Shangazi alinitazama tu.

Wakanichagua hivyo hivyo, maana hakuna mwingine aliyesimama. Mtaa wa Juu wakamchagua Chirau, fundi wa makuti. Hajui hata kuandika jina lake. Alijikuna kichwa akasema kama wameamua, basi haya.

La siri, nalo naliandika hapa kwa sababu Mwanatumu hajui kusoma. Tangu Maulidi ya mwaka jana nina jambo upande wa kushoto. Lilianza kama ndimu. Sasa ni chungwa. Hakuna anayejua. Nafunga kikoi juu kidogo na natembea polepole kama mtu mwenye mawazo.

Jumamosi, 3 Februari

Mafunzo Msambweni. Sisi wawili tu na Bwana Sefu. Mtu mzima vidonge sita, baada ya kula. Wajawazito wasipewe, wala wagonjwa mahututi. Mtu ameze mbele yako, afungue mdomo, ainue ulimi, ndipo uandike. Asikwambie atameza baadaye nyumbani.

Halafu akatoa habari mbaya. Mwenye minyoo mwilini, kesho yake au kesho kutwa atapata homa, kichwa na maumivu ya viungo. Ni minyoo inakufa, asiogope. Asiye na minyoo hatasikia kitu.

Niliandika yote kwa mwandiko mzuri. Chirau alitoa kifukoni ukindu mrefu, akasema yeye atapiga fundo moja kwa kila aliyemeza mbele ya macho yake. Nilicheka. Sefu hakucheka. Alimwambia afanye anavyoweza, mradi iwe kweli.

Njia nzima nilikuwa naifikiria ile homa. Mimi nimeze mbele ya watu, kesho yake nilale kitandani natetemeka! Baada ya maneno yale ya barazani! Hata kuku wa Mwanatumu watanicheka.

Jumatatu, 5 Februari

Habari ya homa imeenea. Nani ameieneza? Mwanatumu. Nani alimwambia Mwanatumu? Mimi. Jumamosi alinikuta nimenyamaza, akaniuliza, nikamweleza la homa tu. Jumapili likafika kisimani. Leo mtaa mzima wameshafasiri wenyewe: atakayelala na homa ana busha linalokuja.

Nimepita nyumba kumi na nne. Hakuna anayeogopa dawa. Wanaogopa kesho yake. Mmoja amefunga sunna ya Jumatatu. Sijapata kumwona akifunga Jumatatu tangu tulipotahiriwa pamoja. Wa pili ana jino. Wa tatu anaposa binti Mkongani, na anasema wakwe wametuma mtu aje Alhamisi kuangalia nani amelala. Mzee Karisa, jirani yangu, amesema atameza akiwa peke yake chumbani, mlango umefungwa, na nikitaka kuuona mdomo wake nichungulie dirishani.

Chirau eti amewaambia watu wake kwamba yeye atameza wa kwanza, na anayetaka kumwona na homa apite kumjulia hali. Huyu mtu hana akili ya uongozi hata kidogo.

Jumanne, 6 Februari

Sikulala, lakini sikulala bure. Nimepata njia!

Ikiwa homa ni aibu, basi igeuzwe iwe sifa. Asubuhi nikaenda barazani kwa Randu, fundi cherehani. Neno likianguka pale asubuhi, adhuhuri limeshafika Ukunda. Nikamwambia kwa siri, na nikamsihi asimwambie mtu, kwamba mafunzoni tumeelezwa jambo zito. Dawa ile hupigana na damu. Mwenye damu nzito, damu ya kiume, hupata homa kwa sababu damu yake haikubali kushindwa. Mwenye damu ya maji, dawa hupita tu ikatoka.

Nikaongeza kwamba mke wa asiyepata homa itabidi atafakari. Hilo la mwisho lilinijia pale pale, nami nililipenda.

Randu aliuliza kama Bwana Afya kweli alisema hivyo. Nikamwambia alisema kwa Kiingereza.

Jumatano, 7 Februari

Siku ya kugawa. Watu walijaa uani kabla jua halijapanda. Mwanatumu alipika uji sufuria mbili. Mia moja na kumi na wawili! Safu ilikuwa ndefu, wanasukumana, kila mtu anataka kuwahi, sikuweza kuangalia ndimi zote. Niliangalia za wanne wa kwanza. Wengine niliwaandika tu, na daftari limependeza mno.

Wa kwanza kabisa alikuwa Shangazi Jumwa. Alimeza vyote sita, akafungua mdomo bila kuambiwa. Akaniuliza kama mguu utapungua. Nilimpa jibu la Bwana Sefu: mguu uliokwisha kuwa mgumu haurudi kama zamani, auoshe kwa sabuni kila siku na auinue akilala, ila dawa itawakinga wanaokuja nyuma. Akasema basi amemeza kwa ajili ya wajukuu. Kisha akaniuliza, na wewe mwana wa kaka yangu, umemeza? Nikamjibu mgawaji humeza mwisho, ndio utaratibu.

Mwisho ukafika. Mwanatumu alinisimamia na kata ya maji. Nikatia vidonge mdomoni, nikanywa maji, nikageuka kukohoa. Sasa vimo kwenye kopo la rangi ya viatu. Uchungu ulibaki ulimini mpaka isha.

Alhamisi, 8 Februari

Maafa. Mtaa wa Chini wote una homa.

Bwana Sefu alituambia tutegemee labda robo ya watu. Mimi nina karibu tisini! Joto la kaskazi, hata majani ya mihogo yamenyong'onyea, na watu wamejifunika mablanketi. Tena hawalali ndani. Wametoa vitanda mlangoni ili wapita njia waone. Mzee Karisa ana mablanketi mawili, jasho linamchuruzika na meno anayagonganisha. Nimesimama kumtazama. Alikuwa akiacha kugonganisha barabara ikiwa tupu.

Hakuna aliyelima. Hakuna aliyeteka maji isipokuwa wanawake, na wao pia wameanza kusema viungo vinawauma. Wale wakwe wa Mkongani mtu wao amekuja, amewakuta wanaume wote hoi, amerudi amefurahi.

Jefwa, aliyeoa mwezi uliopita, aliamka mzima. Alikuja kwangu alfajiri karibu alie. Anataka vingine sita. Nilikataa. Mkewe alikuwa amesimama nyuma yake, anachora chini kwa kidole cha mguu. Nikampa vitatu. Sikujua kama wengine walikuwa wanachungulia uani. Mpaka saa tatu nimegawa kwa watu ishirini na kitu, wengine hata sita sita, kwa huruma tu, na sikuandika.

Saa nne Mwanatumu akaniuliza kwa sauti ya chini, mbona mimi mzima. Nikatazama uani. Majirani wawili walikuwa wananitazama pia. Kwa maneno yangu mwenyewe nina damu ya maji!

Nikaenda kitandani. Nikaomba blanketi. Nikaguna.

Mwanatumu ni mke mwema, na hapo ndipo ubaya ulipo. Alikata mwarobaini mzima, nusura aung'oe. Akachemsha chungu kikubwa, akakiweka chini ya miguu yangu, akanifunika na chungu pamoja. Nikapiga kelele kwamba nimepona. Akasema hiyo ni homa inasema. Nilipotoka akaninywesha kikombe cha maji yale yale. Magharibi akanifukiza tena.

Ijumaa, 9 Februari

Udhaifu wa kweli. Nimekwenda msikitini nimeshika ukuta.

Baada ya sala imamu amewaomba watu wamwombee dua Chirau. Kumbe Chirau ana homa ya haki. Amelala kitanda cha kamba chini ya upenu, na kila anayekwenda kumjulia hali anaambiwa wazi: minyoo ninayo, sikujua, leo nimejua, alhamdulillahi dawa nimeipata. Waliokwenda kumcheka wamepewa viti. Wameondoka wamemeza. Mkewe ndiye anayewahesabia vidonge, na Chirau analala tu, anatazama midomo na kupiga mafundo.

Mimi sikuombewa dua na mtu yeyote. Mama yake Jefwa alikuwa akinitafuta nje ya msikiti. Jefwa ametapika usiku kucha kwa sababu ya vile vitatu, na mama ana mwiko mkononi. Nikatoka kwa mlango wa nyuma, wa birikani.

Jumamosi, 10 Februari

Bwana Sefu amekuja kukagua. Nilimkaribisha kwa dafu na daftari. Alisifu mwandiko. Kisha akaomba kopo la dawa.

Nilipewa vidonge mia nane, sawa na Chirau. Watu mia moja na kumi na wawili kwa vidonge sita, vilipaswa kubaki mia moja na ishirini na vinane. Vimebaki tisa. Nikasema huenda ni panya. Akauliza panya wana homa pia?

Akaingia majumbani. Sijapata kuona mtu mpole akibadilika rangi hivyo. Vidonge vilitoka kwenye makuti ya dari. Vilitoka ndani ya mtungi, chini ya mkeka, kwenye chombo cha kuku. Mzee Karisa bado alikuwa amejifunika, siku ya tatu sasa, anatetemeka. Bwana Sefu akamvua kofia kwa heshima ili ampime joto kwa kiganja. Vikaanguka sita.

Yaani waliomeza walirudia, na wasiomeza wakaugua! Bwana Sefu alikaa juu ya kinu, akashika kichwa. Akaniuliza nani alisema homa ni damu nzito. Nikasema watu wa huku wana maneno mengi.

Akapanda Juu. Nilimfuata nikitumaini kuona fujo. Chirau hana daftari. Ana ukindu wake una mafundo themanini na moja. Watu themanini na mmoja wamesimama, kila mmoja amesema amemeza, kumi na tisa wamesema walipata homa, bila aibu, na mmoja wao naye ni bwana harusi mtarajiwa. Vidonge vilivyobaki vimehesabiwa, mia tatu na kumi na vinne. Sawasawa. Sikupenda jinsi Sefu alivyoushika ule ukindu, kwa mikono miwili.

Mtaa wa Chini utarudiwa wote Jumanne, ila Shangazi na wale wengine watatu niliowaona ndimi. Chirau ndiye atakayesimamia.

Jumapili, 11 Februari

Shangazi Jumwa amekuja nyumbani kwangu. Haji kamwe, kutoka kwake ni mbali kwa mguu ule. Nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba, akakaa. Akamtuma Mwanatumu maji. Alipobaki peke yake na mimi akasema bila kupandisha sauti.

Akasema, baba yako alikuwa nalo. Wewe ulikuwa unamwona anakaa kwenye kiti chake mwenyewe kila matangani, ukadhani ni ukubwa. Na babu yako vile vile. Mimi mguu ulianza kwa uvimbe mdogo kwenye kifundo, nikauficha kwa kanga miaka mitatu. Nilificha, mwanangu, lakini hata ningeusema hakukuwa na kidonge. Wewe kipo.

Nikamwuliza kipo kwa ajili ya nini. Akanijibu kwamba ameniona nikijifunza kutembea, na anajua ninavyotembea.

Akanywa maji, akaondoka.

Ukweli niliona vibaya. Nilifungua kopo. Vidonge sita, vimelainika pembeni, vinanuka rangi ya viatu. Nikachukua maji kabisa. Halafu nikafikiri kama mtu mwenye akili. Nikimeza leo, homa itakuja kesho au Jumanne. Lakini mimi homa nilishapata Alhamisi, mtaa mzima waliniona, nikafukizwa mara mbili. Minyoo haifi mara mbili. Nikiugua tena watajua ile ya kwanza ilikuwa ya uongo. Kwa hiyo haiwezekani. Si kwamba sitaki.

Nilifunga kopo.

Jumanne, 13 Februari

Chirau uani kwangu, juu ya kiti changu, uji wa mke wangu! Watu wote wamemeza. Midomo wazi, ndimi juu, fundo. Mzee Karisa alivua kofia mwenyewe kabla hajaambiwa. Mama yake Jefwa alimshika mwanawe mkono mpaka kikapita kidonge cha mwisho, na Chirau akamhakikishia kuwa hakuna cha damu nzito wala nyepesi.

Mwanatumu akameza, akapigiwa fundo. Kisha Chirau akaniita kando, taratibu, akaniuliza, bwana Chome, vya kwako? Nikajibu kwa sauti ili wote wasikie: nilimeza Jumatano, nikaugua Alhamisi, mashahidi ni nyinyi.

Hakubishana. Alisema yeye hawezi kupiga fundo la kitu ambacho hakukiona. Akateleza kidole kwenye ukindu, akaacha nafasi, akaendelea na Randu. Basi ukindu huo utafika Kwale hivyo hivyo, fundo la Mwanatumu, halafu mahali patupu, halafu fundo la Randu. Mtu asiyejua kusoma amepata njia ya kuniandika!

Alhamisi, 15 Februari

Chirau amepewa baiskeli. Hajui kuipanda! Ameifunga makuti nyuma na anaisukuma kwa mkono kutwa nzima, kengele akiipiga akikutana na watu wazima ili kuwaamkia. Nimeingia ndani nisiione.

Shangazi ametuma kitu kwa Mwanatumu. Kigoda chake cha pili, kile kipana. Ametuma na salamu, kwamba yeye kimoja kinamtosha. Mwanatumu alikiweka karibu na kitanda, upande wangu, na hakuniuliza kitu. Hata swali moja. Nimeanza kushuku kwamba amejua kitambo, na ule mwarobaini haukuwa wema mtupu.

Jumamosi, 17 Februari

Habari njema! Nimekutana na Bwana Sefu barabarani, akanieleza, ingawa alikuwa na haraka, kwamba dawa hii haitoshi mara moja. Itagawiwa tena mwakani, na mwaka ule mwingine, na kila mara wananchi watachagua upya.

Watachagua upya! Nina mwaka mzima wa kujiandaa. Kosa langu nimeshaliona: sikuwa na khaki. Watu hawamtii mtu wa kikoi. Chirau mwenyewe hangefika popote asingelikuwa na ule ukindu. Mwakani nitasimama barazani nimevaa kama Bwana Afya, na nitaanza maneno mapema, kuanzia mwezi wa kumi na mbili. Kopo nimelipandisha darini, lisije likapotea. Vidonge vile vitafaa wakati wake.

Jioni nilikwenda kwa Randu kushonesha suruali. Alipima kiuno, akapima urefu. Alipofika mbele nikamwambia apaache pana. Akauliza pana kiasi gani. Nikamwambia shubiri nzima, maana khaki ikifuliwa hurudi, inabana.

Randu aliitazama futi yake. Akasema khaki hii imeshafuliwa kiwandani, hairudi tena.

Nikamwambia basi aongeze shubiri ya pili, kwa sababu suruali yenyewe ni ya mwakani.